Lugha Iliyovishwa Buti: Hofu, Redio na Kiswahili katika Uganda ya Idi Amin

Ndugu wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba mnivumilie nitoke kidogo katika vina na mizani, niwasimulie habari ya historia inayoihusu lugha yetu, ingawa si habari ya kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa chakula nyumbani kwa rafiki yangu mmoja mjini Kampala. Nilipoingia sebuleni nilimkuta bibi yake ameketi mkekani, nami kwa desturi niliyolelewa nayo nikainama na kumwamkia: "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Alinitazama, kisha akanikaribisha kwa Kiingereza cha taratibu. Nikadhani hajui Kiswahili. Baada ya chakula alizungumza na mjukuu wake kwa Kiganda, naye akanifasiria huku akiona haya: bibi anaomba asieleweke vibaya. Kiswahili anakielewa vizuri, ila ndiyo lugha aliyoisikia usiku walipokuja askari kumchukua mumewe, na mume huyo hakurudi. Tangu usiku huo hajaitamka.

Nilirudi nyumbani na jambo hilo moyoni. Sisi tuliozaliwa kusini mwa mpaka ule tumefundishwa kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja, ya ukombozi na ya utu. Nilijiuliza ilikuwaje kwamba mwendo wa siku moja tu kutoka Bukoba lugha hiyohiyo iwe sauti ya mlango unaovunjwa usiku. Nilianza kusoma, nikauliza wazee, na niliyoyapata ndiyo ninayoyaweka hapa.

Lugha ya kambini

Kiswahili hakikuingia Uganda pamoja na Idi Amin. Kilifika katika karne ya 19 kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani, na katika ua wa Kabaka kilisikika kabla ya Kiingereza. Lakini hakikuota mizizi kule kama kilivyoota Tanganyika. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipotaka kukikuza katika utawala na elimu, maaskofu walimpinga, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa mwenyewe aliandika kukataa lugha hiyo isichukue nafasi ya Kiganda. Kiswahili kikabaki masokoni na miongoni mwa vibarua, na zaidi ya yote kikabaki katika polisi, magereza na jeshi.

Amin aliingia kikosi cha King's African Rifles mwaka 1946. Katika kikosi hicho askari wa makabila mbalimbali waliamrishwa kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili kifupi, kisichojali sana ngeli, chenye vitenzi vya kuamuru kuliko vya kusimulia. Jambo hili ni la kuzingatiwa na kila anayeipenda lugha. Mtoto wa Lamu au wa Tanga hukutana na Kiswahili katika nyimbo za kubembelezea watoto, katika hadithi za sungura na katika kasida. Raia wengi wa kusini mwa Uganda walikutana nacho kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki.

Redio yenye ukweli nusu

Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, askari mmoja alisoma katika Redio Uganda sababu 18 za jeshi kutwaa madaraka. Tukizisoma leo tutaona kwamba nyingi zilikuwa na ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba watu walikuwa kizuizini bila kushtakiwa. Ni kweli kwamba hali ya hatari iliendelea, rushwa ilikuwapo, na uchaguzi mkuu haukuwa umefanyika kwa miaka minane.

Propaganda ya hodari haianzi na uongo mtupu. Huanza na kero ambayo kila mtu anayo, ikaitaja kwa sauti, na msikilizaji akajisemea: naam, huyu anatusemea. Amin aliwafungua wafungwa wa kisiasa, miongoni mwao Benedicto Kiwanuka, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Aliurudisha kutoka Uingereza mwili wa Kabaka Mutesa II, aliyefia uhamishoni mwaka 1969, ukazikwa kwa heshima zote Kasubi. Watu walicheza barabarani. Alisema yeye ni askari tu, si mwanasiasa, na kwamba utawala utarudishwa kwa raia.

Katika mwaka huohuo, makambini, askari wa Acholi na Lango, makabila yaliyodhaniwa kuwa upande wa Obote, waliuawa kwa mamia. Redio haikutangaza. Raia wa mjini alisikia shangwe, na mke wa askari kule Gulu au Lira alisikia kimya. Hivyo tangu mwanzo utawala ule ulikuwa na ndimi mbili: ulimi wa redio, uliosema sana, na ulimi wa kambi, uliotenda bila kusema. Yeyote aliyeusikia wa kwanza peke yake hakuijua nchi yake.

Majina yaliyofunika vitendo

Chombo kilichoogopwa kuliko vyote kiliitwa, tukikifasiri, Ofisi ya Utafiti ya Taifa. Makao yake yalikuwa Nakasero, katikati ya Kampala. Chombo kingine, kilichokuwa Naguru, kiliitwa Kitengo cha Usalama wa Umma. Ndugu zangu watunzi, yatazameni majina hayo. La kwanza linaleta picha ya wasomi na maktaba. La pili, ya mtu anayewavusha watoto barabara. Katika majumba hayo watu waliteswa na kuuawa. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya katika serikali hiyo kabla ya kukimbia mwaka 1977, ameeleza kwamba amri ya kumwua mtu ilitolewa kwa maneno ya ukarimu: apewe huduma ya VIP.

Katika ushairi tunaijua tafsida. Tunaitumia kumsitiri marehemu, kulinda haya, kupunguza uchungu wa neno. Hapa tafsida iligeuzwa kazi. Ilimsitiri mwuaji, tena ilimsaidia mwandishi wa ofisi apige chapa orodha ya majina mchana, arudi nyumbani jioni ale na wanawe, akijiambia kwamba yeye yumo katika utafiti.

Kulikuwa pia na sarufi ya kukwepa. Matangazo mengi yalitolewa kwa jina la "msemaji wa kijeshi", mtu asiye na jina wala sura, na mara nyingi msemaji huyo alikuwa Amin mwenyewe. Watu walipochukuliwa ilisemwa kwamba wamepotea. Sisi wa Kiswahili tunaijua tofauti iliyopo kati ya kupotea na kupotezwa. Mbuzi hupotea, mtoto sokoni hupotea. Kitenzi hicho hakina mtendaji, na ndiyo sababu madhalimu wanakipenda. Ukisema amepotezwa, mara moja swali linakuja: na nani?

Tarehe 21 Septemba 1972 Benedicto Kiwanuka, yuleyule aliyefunguliwa kwa shangwe na ambaye sasa alikuwa Jaji Mkuu, alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka katika jengo la Mahakama Kuu, mchana kweupe. Mwezi uliofuata alichukuliwa Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Serikali ikasema haijui walipo. Miili ilikuwa ikionekana katika msitu wa Namanve na katika maji ya Nile kule Jinja, na familia ziliwalipa askari ili wawaoneshe tu mahali pa kumpata maiti wao.

Mwaka 1974 serikali iliunda tume ya kuchunguza habari za watu "waliopotea", ikiongozwa na Jaji Mohamed Saied. Tume ilifanya kazi yake kwa ujasiri ambao sisi tulio mbali hatuna budi kuuheshimu. Iliwasikiliza mashahidi, ikavitaja vyombo vile viwili kuwa ndivyo vyenye lawama kubwa. Amin alipokea ripoti, wala haikuchapishwa. Kuwapo kwa tume kukawa tangazo kwa mataifa ya nje kwamba haki inatendeka, na matokeo ya tume yakafungiwa.

Hata hivyo si kila kifo kilifichwa. Tarehe 10 Februari 1973 watu waliotuhumiwa kuwa waasi walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa. Kule Kabale watatu waliuawa uwanjani mbele ya umati ulioitwa kuja kutazama. Ndivyo hofu ilivyofanya kazi kwa mikono miwili. Kifo cha hadharani kilimwonesha mtu linaloweza kumpata, na kifo cha siri kilimnyima kujua kwa kosa gani na lini. Asiyejua mpaka wa kosa ulipo hujiwekea mpaka wake mwenyewe, akausogeza karibu kila siku, mwishowe akanyamaza hata mbele ya watoto wake.

Vita vya uchumi, na maneno ya mtaani

Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika siku 90, akisema ameoteshwa na Mungu. Jambo hilo liliitwa Vita vya Uchumi. Tena kulikuwa na kero ya kweli chini yake: biashara nyingi zilikuwa mikononi mwa wachache, na Mwafrika wa kawaida alikuwa amezuiliwa na sheria za kikoloni asiyafikie masoko hayo. Lakini neno "vita" lilibadilisha kila kitu. Penye vita pana adui, na penye adui mwenye kuuliza swali ni msaliti. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao waliozaliwa palepale, walitoka na masanduku machache. Maduka na viwanda vyao viligawiwa askari na wenye kujuana nao, na muda si mrefu sukari, sabuni na chumvi vikawa vitu vya kutafutwa kwa tochi. Mwaka 1975 ikaundwa mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi yenye uwezo wa kutoa hukumu ya kifo.

Hapa Kiswahili kinatokea kwa sura nyingine, nami nilifurahi kukiona. Waliotajirika ghafla kwa maduka yale watu waliwaita "mafuta mingi". Biashara ya mlango wa nyuma waliiita "magendo". Maneno haya hayakutoka ikulu. Yalitoka kwenye foleni na vituo vya mabasi, na yalisema katika silabi chache yale ambayo magazeti hayakuthubutu kuyaandika. Sarufi ya "mafuta mingi" imekosea ngeli, lakini sijaona istilahi ya mchumi yeyote iliyoueleza utawala ule vizuri zaidi. Kiswahili kilekile cha kizuizini kilikuwa pia silaha ndogo ya mnyonge.

Amri ya mwaka 1973

Mwaka 1973 suala la lugha ya taifa lilipelekwa mbele ya wajumbe wa wilaya. Wilaya nyingi, hasa za kaskazini na mashariki, zilichagua Kiswahili. Nyingine zilichagua Kiganda. Kisha Amin akatangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Sisi wapenzi wa lugha tungetamani kuihesabu siku hiyo kuwa ya ushindi. Wilaya zilizokichagua zilikuwa na sababu nzuri: zilitaka lugha isiyo mali ya kabila moja. Lakini chaguo lao lilivishwa amri ya mtu ambaye mwaka mmoja kabla Jaji Mkuu wake alichukuliwa kutoka mahakamani. Walimu hawakuandaliwa, vitabu havikuwapo, na sauti iliyokisema kwa nguvu zaidi iliendelea kuwa ya askari. Kukwezwa na dhalimu kulikidhuru Kiswahili kuliko walivyokidhuru wapinzani wake wa mwaka 1929.

Wenzetu wa sanaa hawakusalimika. Mapema mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, alipeleka tamthilia yake ya Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, katika tamasha la FESTAC kule Lagos. Aliporudi alikamatwa na watu wa ofisi ile ya "utafiti", akauawa. Tarehe 16 Februari mwaka huohuo aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari. Ni watu wachache sana walioamini, na naona hata watangazaji hawakutegemea kuaminiwa. Uongo wa namna ile una kazi nyingine. Hutaka msikilizaji ajue kwamba ni uongo, kisha aurudie hivyohivyo kwa woga, ili kesho asiwe na uso wa kumlaumu mwongo.

Dakika 25, na neno "nduli"

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kulivamia eneo la Kagera. Raia waliuawa, ng'ombe na mali vikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Redio Uganda ilijigamba kwamba eneo hilo limetekwa katika dakika 25. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwahutubia Watanzania akayataja mambo matatu ambayo kila mtoto wa shule ya zama zetu aliyajua kwa moyo: uwezo, sababu na nia. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na Amin akakimbilia Libya, baadaye Saudi Arabia, alikofia mwaka 2003 bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Makadirio ya waliouawa katika miaka yake minane huanzia 80,000 na kufika 300,000, na wapo wanaotaja zaidi.

Katika vita hivyo Kiswahili kilikuwa pande zote mbili za mto. Waganda waliwaita askari wa Tanzania "wakombozi", na makombora yao "saba saba". Sisi nasi tukampa adui jina moja lililoshika: nduli. Kamusi hulieleza kuwa ni mtu katili, muuaji. Nilipokuwa mdogo nilidhani Nduli ndilo jina lake la kwanza, kwa maana sikuwahi kusikia redioni wala kwa wazee likitajwa jina Amin bila neno hilo mbele yake.

Simtetei. Neno lilimstahili. Lakini baada ya kumsikia yule bibi nimeanza kuliogopa kidogo, maana lilituzoeza kumwangalia mtu mmoja. Nduli mmoja hawezi kumchukua mume wa mtu Kampala na kupiga watu risasi Kabale. Palikuwa na dereva wa gari, mwenye kupiga chapa orodha, jirani aliyepeleka jina ili apate duka, mtangazaji aliyesoma habari ya ajali. Palikuwa na serikali ya Uingereza, iliyomtambua upesi kwa kuwa haikumpenda Obote. Na Israeli, iliyokuwa imelifundisha jeshi lake. Na Libya, iliyompelekea askari hadi mwisho. Jina moja la kutisha lilikuwa kubwa kiasi cha kuwafunika wote hao.

Kwa kuwa tuliamini kwamba nduli akiondoka uovu umeondoka, hatukusikiliza vizuri yaliyofuata. Kampala iliporwa baada ya ukombozi. Obote alirudi madarakani baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 uliobishaniwa, na katika miaka hiyo watu walizolewa mitaani na kuamrishwa kupanda malori ya jeshi. Waganda wa umri fulani hadi leo wanaliita jambo hilo kwa maneno mawili ya Kiswahili: "panda gari". Kwetu ni maneno ya konda wa daladala. Kwao ni maneno ya safari ambayo wengine hawakurudi.

Sisi watunzi

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri la nchi hiyo liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Nafurahi. Lakini tunaposherehekea kuenea kwa lugha yetu, tusiwacheke wanaosita. Kusita kwao si ujinga wala ukabila. Mara nyingi ni kumbukumbu, na kumbukumbu haifutwi kwa tangazo la serikali, kwa sababu kwa tangazo la serikali ndivyo ilivyoanza.

Kazi yetu sisi wenye kushughulika na maneno ni ndogo lakini ipo. Tukisikia jina zuri la ofisi, tuulize ofisi hiyo inafanya nini. Tukisikia kitenzi kisicho na mtendaji, tumtafute mtendaji. Na tukipewa neno moja la kumlaani mtu mmoja, tulitumie ikiwa ni haki, kisha tuulize nani wengine wamesimama nyuma yake.

Siku ile, nilipoaga, sikumwomba yule bibi akisamehe Kiswahili. Haikuwa haki yangu kuomba. Nilimwambia kwa Kiganda changu kibovu, "Weebale, jjajja," naye akacheka matamshi yangu na kunishika mkono. Njiani nikitoka Kampala nilitunga ubeti mmoja, nao ndio ninaowaachia:

Lugha haina makosa, mkosaji msemaji,
Kisu hakijui tesa, ajuaye mchinjaji,
Jina lifichalo visa, lifichue, mtungaji,
Tukinyamaza kabisa, twamlinda muuaji.